Chemchemi za Comal, Texas: Mwaka Maji Yalipokatika

Maji yanayobubujika chini ya jabali hili ni mvua iliyozama mbali, upande wa magharibi, kwenye nyufa na mapango ya mawe ya chokaa. Yamepita chini ya San Antonio, ambako visima huyavuta kabla hayajafika hapa New Braunfels. Ukame wa miaka ya 1950 ulibana mara mbili: mwamba haukujazwa, na mashamba na mji, kwa kukosa mvua hiyo hiyo, vikazidisha kuvuta. Kuanzia Juni hadi Novemba 1956 chemchemi zilikauka kabisa. Samaki Etheostoma fonticola, mfupi kuliko kidole gumba, akatoweka katika mto unaoanzia kwenye chemchemi hizi. Waliopo leo ni uzao wa walioletwa kutoka Mto San Marcos. Mbawakawa wa chemchemi, ajabu, walinusurika.