Nani Anunue Sura Zetu?

Wasomao historia ya Upare wana bahati ambayo si kila nchi imeijaliwa. Historia yao imeandikwa, tena imeandikwa na mwenyeji. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hiyo, aliwaendea wazee katika miaka ya 1960, akasikiliza masimulizi ya koo mbalimbali na kuyalinganisha, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare. Humo twapata habari za Washana, wahunzi wa Ugweno, na jinsi walivyopinduliwa na Wasuya. Twasoma habari za Angovi, na za Mranga ambaye jina lake limeshikamana na kupangwa upya kwa utawala wa nchi ile. Twajua majina, twajua koo, twajua nani alimshinda nani. Lakini kitu kimoja hatukijui, nacho ni sura. Mwanafunzi wa Same aweza kumtaja Mranga bila kusita, wala hana mbele yake uso wowote wa kuuambatanisha na jina hilo.

Makala hii yakusudia kuuliza kwa nini hali ikawa hivyo. Nia yangu si kulaumu uchache wa wachoraji. Nitajaribu kuonyesha kwamba katika Afrika ya Mashariki nyuso zilizobaki katika picha zimebaki kwa kuwa alikuwapo mtu wa kuzinunua, na kwamba mnunuzi huyo ndiye aliyeamua, pengine bila kujua, nani akumbukwe na akumbukwe kwa namna gani.

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja. Mtu asije akasema ya kuwa Wapare wa kale hawakujali kichwa cha marehemu. Walikijali sana. Katika koo nyingi za Upare ilikuwa desturi kwamba baada ya miaka kadhaa ya maziko, fuvu la mzee hufukuliwa na kuwekwa mahali patakatifu, katika pango au chini ya chungu, pamoja na mafuvu ya waliomtangulia. Huko wazao walikwenda kutambika na kuomba. Kwa hiyo safu ya vichwa vya wazee, vilivyopangwa kizazi baada ya kizazi, si jambo geni milimani. Bali safu hiyo ilikuwa mali ya ukoo. Haikuwekwa ili itazamwe na kila apitaye, sembuse kuuzwa. Thamani yake ilitokana na undugu kati ya aliyelala pale na aliyekuja kumwomba.

Picha ya mtu iliyochorwa ili iuzwe ina tabia nyingine kabisa. Hiyo hutoka nje ya ukoo, ikaingia katika nyumba ya mtu asiyemjua mwenye sura. Ili jambo hilo liwezekane, lazima mnunuzi aone katika uso ule kitu anachokitaka yeye. Na ni kitu gani? Tutazame mifano miwili, mmoja wa jirani na mmoja wa mbali.

Jirani yetu upande wa kaskazini ni Kenya. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya nchi hiyo ilimpa Joy Adamson kazi ya kuchora picha za watu wa makabila ya Kenya. Mama huyo alizaliwa mwaka 1910 huko Troppau, mji uliokuwa wakati ule katika dola ya Austria, akafika Kenya mwaka 1937, na sifa yake ya kwanza aliipata kwa kuchora maua. Hadithi ya simba Elsa, iliyompa jina duniani, ilikuwa bado haijatokea. Kwa muda wa miaka kama sita alizunguka nchi nzima akichora, na idadi ya picha zake ikapita mia tano. Nyingi kati yake zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 1967 zilimpatia kitabu kikubwa juu ya watu wa nchi hiyo.

Kazi hiyo si ya kudharauliwa. Leo mtu atakaye kujua jinsi shanga zilivyopangwa shingoni, au ngozi ilivyoshonwa, au mkuki ulivyoshikwa, atajifunza mengi humo. Lakini tuangalie mnunuzi alitaka nini. Serikali iliamini ya kuwa mila zilikuwa zikipotea, ikataka zihifadhiwe kabla hazijatoweka. Basi aliyechorwa alichorwa akiwa amevaa mavazi ya sherehe, awe kielelezo cha kabila lake na cha cheo chake: mzee, kijana aliyetahiriwa, bi arusi, mganga. Mtazamaji hujifunza habari za vazi, asijue aliyelivaa aliwaza nini, wala kama asubuhi ile alikuwa ametoka kulipa kodi au kuvuna kahawa. Tena kazi ile iliishia mpakani. Mpaka uliochorwa na Wazungu katika karne ya kumi na tisa ulikuwa umeitenga Taveta na Upare, nchi zinazotazamana, na serikali ya Kenya haikuwa na sababu ya kulipia nyuso za Tanganyika.

Mfano wa pili watupeleka magharibi, mpaka Lubumbashi katika Kongo, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya migodini. Huko, katika miaka ya 1960 na 1970, walikuwako wachoraji wengi waliouza picha ndogo za mkono kwa watu wa mjini. Turubai yao aghalabu ilikuwa gunia la unga lililowambwa juu ya kiunzi cha mbao, na ukubwa wake ulilingana na ukuta wa sebule ya mfanyakazi. Wanunuzi hawakuwa watalii. Walikuwa makarani, walimu na wachimba madini, waliotaka picha ya kuwaanzishia mazungumzo mgeni anapoketi: picha ya mamba muntu, yaani nguva mwenye nywele ndefu, au ile iliyoitwa Koloni ya Ubelgiji, ambamo askari amchapa mfungwa mbele ya macho ya ofisa mweupe.

Miongoni mwa wachoraji hao alikuwako Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji huo huo, wakati ukiitwa bado Élisabethville. Mwishoni mwa mwaka 1973 alifika nyumbani kwa mwanazuoni mmoja, Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuoni Lubumbashi, akiwa na picha za kuuza. Wakazungumza, na Tshibumba akajitambulisha kuwa yeye ni mwanahistoria. Akapata nafasi aliyokuwa akiingojea. Badala ya kuuza picha moja moja kwa kufuata haja ya kila nyumba, akachora mfululizo mzima, kiasi cha picha mia moja, kuanzia wafalme wa kale hadi utawala wa Wabelgiji, hadi uhuru wa mwaka 1960, hadi enzi za Mobutu, na hata mambo aliyoyaona yatakuja. Kila alipoleta fungu la picha alilieleza kwa Kiswahili cha Katanga, na maelezo hayo yakanaswa katika kanda. Mwaka 1996 Fabian aliyachapa pamoja na picha zenyewe.

Katika mfululizo huo sura ya Lumumba yarudi tena na tena: akihutubia, akikamatwa, akiwa amelala maiti pamoja na Mpolo na Okito. Hapa twaona tofauti kubwa na kazi ya Kenya. Lumumba hachorwi kuwa kielelezo cha kabila lake. Ana jina, ana tarehe, ana maadui, na maneno yaliyoandikwa juu ya turubai yaeleza nini kilimpata. Mwenye kuitazama picha hawezi kuishia kwenye vazi. Hulazimika kuuliza nani alimwua.

Hata hivyo kisa cha Tshibumba kina uchungu wake. Mwanahistoria yule aliyejua kusema na watu wake kwa lugha yao hakupata kati yao mtu wa kununua mfululizo wote. Mfanyakazi wa mgodini aliweza kununua picha moja. Picha mia zilihitaji mgeni, na mkusanyiko ule mwishowe ukawa mali ya jumba la makumbusho mjini Amsterdam. Habari za mchoraji mwenyewe zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Baada ya kuona hayo turejee Same. Mji huu uko chini ya milima, katika uwanda mkavu ambamo reli ya Tanga na Moshi hupita, nao ulikuwa makao ya wilaya wakati wa Waingereza. Mwaka 1945 watu wa Upare waliteremka huku kwa maelfu, wakakaa siku nyingi nje ya ofisi za serikali kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, kodi iliyopimwa kwa mali ya kila mtu na kuongezwa juu ya ile ya kawaida. Hawakuja na silaha. Walikuja na chakula na subira. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakajitokeza, wakawakabili wakubwa waliofika kwao, kwa kuwa mashamba na nyumba zilikuwa zimewaelemea wakati waume wako Same. Mwishowe serikali ikaiacha kodi ile. Kimambo aliwaandikia watu hao kitabu chao mwaka 1971, na kiongozi wao Paulo Mashambo anatajwa katika kila habari ya mbiru.

Nauliza: sura za watu hawa ziko katika ukuta gani? Kuta tunazo. Ingia katika ofisi au duka lolote la Same, utaona picha ya Rais aliyeko madarakani, na mara nyingi kando yake ya Baba wa Taifa. Kwa hiyo twajua kuiweka sura ya mtu ukutani kwa heshima, na twajua kwamba sura hiyo humfundisha mtoto jambo kabla hajajua kusoma. Tulilokosa ni kuinunua sura ya mtu wa karibu.

Huenda msomaji akanijibu ya kuwa mchoraji asiyemwona Mranga hawezi kumchora ila kwa kubuni, na kubuni si historia. Hoja hii ina nguvu, nami sitaki kuidharau. Tshibumba alichora mambo ambayo hakuna shahidi aliyeyasimulia hadharani, na Fabian alilazimika kutenganisha yaliyojulikana na yaliyodhaniwa. Kwa Mranga, basi, na tuwe waangalifu. Yawezekana kwamba sura yake ibaki mahali ilipowekwa na wazao wake, na picha isichorwe. Lakini waliokaa Same mwaka 1945 si watu wa hadithi za kale. Watoto wao na wajukuu wao wako Mbaga, Mamba, Chome, Gonja na Usangi, na katika baadhi ya nyumba bila shaka imo picha ya ndoa au ya cheti ndani ya sanduku.

Kazi yenyewe si kubwa. Mchoraji mmoja, picha sita au saba, ndogo, za bei ambayo mwalimu wa shule aweza kuilipa bila kukopa. Masharti yake ndiyo makubwa: ukoo uombwe ruhusa; aliyechorwa aandikwe jina lake, kijiji chake na alilolitenda; na mwanamke wa Usangi achorwe kama yeye aliyekuwa, asiwe mfano wa mwanamke wa Kipare na kibuyu chake. Maelezo yawe kwa Chasu na kwa Kiswahili. Na mnunuzi wa kwanza asitafutwe hotelini kwa watalii wanaokwenda mbugani. Atafutwe katika shule za sekondari, ambazo Upare unazo nyingi na unajivunia, na katika nyumba za wale waliosomeshwa kwa kahawa ya wazazi wao.

Mnunuzi wa nje akitangulia, ataomba ngozi na shanga, naye mchoraji mwenye njaa atampa. Wenyeji wakitangulia, wataomba babu yao na siku ile aliposhuka Same. Wazee waliozikumbuka siku hizo kwa macho yao wamebaki wachache mno, na masanduku yenye picha za zamani huliwa na mchwa.