Mzizi wa Kigeni

Tulipokuwa wanafunzi katika chuo cha theolojia tulisoma sura ya 15 ya Injili ya Yohana kwa Kiyunani, neno kwa neno, wala hapakuwa na mmoja wetu aliyewahi kuuona mzabibu kwa macho yake. Tulijua migomba, kahawa na michungwa. Mzabibu kwetu ulikuwa mti wa kitabuni. Miaka mingi baadaye ndipo tulipoiona mizabibu yenyewe, kule Dodoma katika nchi jirani ya Tanzania, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Tukaanza kuuliza habari zake, na katika kuuliza tukakutana na kisa cha Wafaransa.

Twajua ya kuwa ndugu wengi wa Uamsho hawagusi kileo, wala leo hatukuja kumshawishi mtu anywe. Habari yetu ni ya mkulima na shamba lake.

Ufaransa ina sehemu zake zenye sifa. Upande wa magharibi, karibu na bahari, iko Bordeaux, penye zabibu ziitwazo Cabernet Sauvignon na Merlot. Mashariki iko Burgundy, ambako divai nyekundu hutoka katika zabibu za Pinot Noir, na nyeupe katika Chardonnay. Kaskazini iko Champagne. Mwaka wa mavuno huandikwa juu ya chupa, kwa maana jua na mvua havifanani mwaka hata mwaka. Wajuzi mpaka leo huyasifu mavuno ya Bordeaux ya 1864 na 1870. Basi, katika miaka hiyohiyo ya sifa, kifo kilikuwa kimekwisha kuingia nchini.

Kiliingia kwa mlango wa msaada. Miaka ya 1850 ukungu mmoja mbaya ulishambulia majani na matunda, na watu wakaleta mizabibu ya Amerika kwa sababu ilionekana kuustahimili. Meli za moshi zilikuwa zimeanza kuivuka bahari kwa siku chache, hata mdudu aliyejificha katika mizizi aliweza kufika akiwa hai. Mwaka 1862 mfanyabiashara mmoja wa mji mdogo wa Roquemaure, kusini mwa Ufaransa, alipanda miche aliyoletewa kutoka New York. Mwaka uliofuata mizabibu ya jirani ilianza kunyauka. Majani yakawa manjano, kisha mekundu, yakapukutika. Na mti ulipong'olewa mizizi yake ilikuwa imeoza.

Tarehe 15 Julai 1868 watu watatu walitumwa kuchunguza: Bazille, Sahut, na Planchon, profesa wa elimu ya mimea kule Montpellier. Walichimba miti iliyokufa wasione kitu. Lakini walipochimba mti uliokuwa hai bado, walikuta wadudu wadogo wa manjano, jamaa ya vidukari, wamejaa mizizini wakifyonza. Mti ukifa wadudu huuacha wakaenda kwa jirani. Ndiyo sababu kila aliyechunguza maiti hakumwona muuaji. Planchon alimpa mdudu huyo jina lenye maana ya mharibifu. Siku hizi wataalamu humwita filoksera.

Kujua ugonjwa si kuuponya. Serikali iliweka zawadi ya faranga 20,000 mwaka 1870, na mwaka 1874 ikaipandisha hata 300,000. Mashauri yalikuja kwa mamia, na mengine yalikuwa ya kusikitisha, kwa mfano kumzika chura hai chini ya mzabibu. Msicheke upesi, ndugu. Mtu anayeona shamba la babu yake likifa hujaribu lo lote, na sisi wenyewe twayajua yanayofanyika usiku mtoto akizidiwa.

Zilikuwako njia mbili tatu zenye nguvu. Penye mto waligharikisha mashamba wakati wa baridi, majuma mengi, hata wadudu wakazama. Penye mchanga mtupu mdudu hakuweza kwenda. Wenye fedha walitia ardhini, kwa bomba la chuma mfano wa sindano, dawa kali ya kaboni na salfa. Ilinuka vibaya, iliwaka moto kwa urahisi, tena ilitakiwa kurudiwa kila mwaka. Maskini hakuwa na dawa wala mto. Mwaka 1875 Ufaransa ilitoa divai lita zaidi ya milioni elfu 8. Mwaka 1889 zilibaki kama milioni elfu 2 na 300. Familia nyingi zilihama, nyingine zikavuka kwenda Algeria.

Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Missouri, alikuwako mtaalamu wa wadudu aitwaye Charles Valentine Riley, Mwingereza kwa kuzaliwa. Alisoma habari za Planchon akatambua ya kuwa mdudu yule ni wa kwao Amerika. Mwaka 1871 alikwenda Ufaransa akaona mwenyewe; mwaka 1873 Planchon naye akaenda Amerika. Wakaona jambo la ajabu: mzabibu mwitu wa Amerika huishi na mdudu huyo, kwa kuwa mzizi wake ukiumwa hufunga jeraha. Umezoeana na adui yake tangu zamani. Laliman wa Bordeaux na Bazille walikuwa wamekwisha kutoa shauri mwaka 1869: chukueni shina la Amerika, mpandikize juu yake tawi la Ufaransa.

Mkulima wa kwetu aliyepandikiza chungwa juu ya shina la limau haoni ajabu. Lakini kwa Wafaransa shauri hili lilikuwa chungu. Waliambiwa waukubali mzizi wa nchi iliyowaletea kifo. Tena zabibu za mwitu za Amerika zina ladha wanayoifananisha na mbweha, wakaogopa itapanda mpaka kwenye tunda. Pakawa na vyama viwili, cha watu wa dawa na cha watu wa Amerika, wakashindana miaka mingi. Burgundy ilikataza kabisa miche ya kigeni mpaka mwaka 1887.

Hapa twapenda kusimama kidogo. Katika Warumi 11 Mtume Paulo asema juu ya tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa katika mzeituni mwema, na akiri ya kuwa hiyo si kawaida ya mti. Wafaransa walifanya kinyume: tawi jema, shina mwitu. Na tunda likabaki la tawi. Pinot ilizaa Pinot, Merlot ikazaa Merlot, na mbweha hakuonekana.

Kazi haikuwa nyepesi. Katika udongo wa chokaa, kama kule Cognac, mashina ya kwanza yalikufa. Mwaka 1887 Pierre Viala alitumwa Amerika, na huko Texas mkulima mjuzi, T. V. Munson, alimwonyesha mizabibu mwitu iotayo penye chokaa. Wanakijiji walifundishwa kukata, kuunganisha na kufunga, mche mmoja mmoja, mpaka nchi nzima ikapandwa upya. Zawadi ile haikulipwa. Laliman aliidai, akaambiwa hakumwua mdudu, alimzuia tu.

Shamba moja dogo la Burgundy, Romanée-Conti, lenye hekta zisizofika 2, liliendelea kukataa. Wenyewe walilipia dawa mwaka baada ya mwaka, ili mzizi wa kale usibadilike. Vita vya pili vilipokuja dawa ikawa adimu, na miti ikadhoofika. Mavuno ya 1945 yalijaza chupa kama 600 tu, kisha mizabibu yote iking'olewa. Hadi 1951 haikutoka divai ya jina hilo. Chupa moja ya mwaka ule wa 1945 iliuzwa kwa mnada New York mwaka 2018 kwa dola 558,000. Shamba lilipandwa tena mwaka 1947, na mizizi iliyo chini yake ni ya Kiamerika.