Simbilisi na Kiseyeye

Huku kwetu Shinyanga nimeona simbilisi wakilishwa pumba tupu kiangazi kizima. Historia yatufunza vingine. Mwaka 1907, huko Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha simbilisi nafaka tupu. Wakapata kiseyeye, ugonjwa uliowaua mabaharia kwa karne nyingi. Kabichi mbichi na maji ya limau viliwakinga. Baadaye ikafahamika kwamba simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini.

Wazee wetu Wasukuma walitenga ngitili, nyasi za akiba kwa ndama wakati wa ukame. Hekima hiyo yamfaa simbilisi pia: nyasi ndizo chakula chake kikuu. Lakini jani likikaushwa hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Basi kila siku apate na kibichi: matembele, kipande cha pilipili hoho, na maji safi. Pumba iwe nyongeza tu.

Nikifika Geita, huwafikiria wachimbaji wadogo machimboni, wanaoshindia ugali na dagaa mwezi baada ya mwezi. Katika jambo hili miili yao haina tofauti na ya simbilisi. Nani awapelekee matembele?