Yunnan: Jimbo la Kusini ya Mawingu

Katika lugha ya Kichina, jina Yunnan lina maana ya «kusini ya mawingu». Ni jina la mtu atazamaye kutoka kaskazini, anayeliona jimbo hilo kuwa ukingo wa dola. Lakini mtu akichunguza nchi yenyewe, atagundua kuwa ukingo huo umekuwa pia mlango.

Yunnan iko kusini-magharibi ya Uchina, ikipakana na Myanmar, Laos na Vietnam. Eneo lake ni kama kilometa za mraba 394,000. Kaskazini-magharibi, mlima Kawagebo hufikia meta 6,740. Kusini-mashariki, huko Hekou, bonde halizidi meta 80 juu ya usawa wa bahari. Mito mitatu, Jinsha, Lancang na Nu, hupita sambamba kati ya milima, kisha huachana: wa kwanza huwa Yangtze, wa pili Mekong, wa tatu Salween.

Kwa hiyo hali ya hewa hutegemea urefu wa mahali kuliko umbali kutoka ikweta. Kunming, mji mkuu, ulio kwenye meta 1,890 hivi, hauna joto kali wala baridi kali. Xishuangbanna, kusini, ni nchi ya misitu ya joto na chai. Mvua nyingi hunyesha toka Mei hadi Oktoba. Pepo zake zikikawia, mashamba hukauka, kama ilivyotokea katika ukame wa 2009 na 2010.

Watawala wa Kichina waliutiisha ufalme wa Dian mwaka wa 109 kabla ya Kristo, lakini utawala wao haukudumu bila kukatika. Ufalme wa Nanzhao ulishinda majeshi ya Tang katika karne ya 8; ule wa Dali, ulioanzishwa mwaka wa 937, ulisimama hadi Wamongoli walipouteka mwaka wa 1253. Hao walimleta gavana Mwislamu, Sayyid Ajall, mzaliwa wa Bukhara.

Majeshi ya Ming yalipoingia mwaka wa 1381, mtoto mmoja wa ukoo wa Kiislamu alichukuliwa mateka. Ndiye Zheng He, aliyezaliwa mbali na bahari, na ambaye baadaye aliongoza misafara ya merikebu kati ya 1405 na 1433, iliyofika hata Malindi.

Mlango huo uliwagharimu wakaaji wake. Ugomvi wa migodini kati ya Wahan na Waislamu ulizaa vita vya 1856 hadi 1873, vilivyoangamiza watu wengi mno. Na Wajapani walipoteka bandari za mashariki, wanavijiji, wanawake na watoto wakiwamo, walichonga kwa mikono barabara ya kwenda Burma, iliyokamilika mwaka wa 1938. Kwa njia hiyo silaha na mafuta viliifikia nchi nzima kutoka ukingoni kwake.