Maradhi na Watumishi wa Afya Kandokando ya Ziwa: Habari za Zamani na Shauri Lililo Mbele Yetu



Katika mkutano mkuu uliopita palitokea shauri ambalo halikumalizika. Mwanachama mmoja, mama ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii, aliugua alipokuwa akizunguka nyumba kwa nyumba wakati wa maradhi, akakaa kitandani wiki nyingi, na posho yake haikuwa imelipwa kwa miezi kadhaa. Akaomba chama kimsaidie. Wengine walisema sanduku letu ni la mazishi, na mtu hana budi kufa kwanza ndipo tumtazame. Wengine walisema huyo ni mtumishi wa Serikali, na Serikali ndiyo imtunze. Mzee mmoja akauliza, “Je, chama hiki tangu lini kimekuwa na shughuli na mambo ya sindano?” Kamati iliona kwamba swali la mzee lastahili jibu la kweli. Ndiyo maana mwaka huu, baada ya hesabu za fedha na majina ya waliotutoka, tumeweka habari hizi.

Twaanza na malale, kwa sababu ndiyo yaliyowafundisha babu zetu kuogopa ufuko wao wenyewe. Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mwezi wa Desemba 1901, na mwaka uliofuata nchi hii ikatolewa katika Uganda na kuwekwa chini ya utawala wa Afrika ya Mashariki. Lakini ugonjwa haukujua mpaka huo. Mwaka wa 1901 madaktari wa hospitali ya Mengo, ndugu wawili walioitwa Cook, walikuwa wamekwisha kuutambua kwa wagonjwa wao, nao ukaenea Busoga, visiwani, na kuzunguka ghuba yetu. Katika Uganda peke yake watu waliokufa katika miaka ile wanakadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Mgonjwa huanza kwa homa na kuvimba tezi za shingo, kisha akili hupotea, naye husinzia mchana akiwa na chakula mkononi. Vijiji vya wavuvi vikawa mahame.

Chama cha wataalamu cha London, Royal Society, kikaleta tume Entebbe mwaka wa 1902. Castellani akaona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na Bruce, aliyefika mwaka wa 1903, akaonyesha kwamba mbung'o wa vichaka vya pwani ya ziwa ndiye mbebaji. Tangu mwaka wa 1906 Gavana Hesketh Bell wa Uganda aliwahamisha watu kutoka ufukoni. Ilikuwa amri kali, maana mvuvi aliyeondolewa majini ameondolewa riziki yake, ingawa hatuwezi kukana kwamba iliokoa wengi. Daktari Koch wa Ujerumani naye alikuja visiwa vya Sese katika miaka ya 1906 na 1907, akawadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili, na baadhi yao wakapofuka.

Sasa twaomba wazee waangalie jambo moja ambalo husomwa kwa haraka katika vitabu. Mwaka wa 1906 kijana mmoja wa tume ile, Luteni Forbes Tulloch, aliambukizwa malale katika chumba cha uchunguzi pale Entebbe, akafa. Jina lake limehifadhiwa. Lakini walikuwapo pia vijana wa Kiafrika walioajiriwa kukamata mbung'o kwa nyavu, wakiingia katika vichaka vilevile ambavyo wengine walikatazwa kuvikaribia. Majina yao ni nadra kuyaona. Nani aliwazika, na ni chama gani kilipeleka maiti zao nyumbani? Wakati ule vyama kama hiki havikuwapo.

Vilikuja baadaye kidogo, baada ya Vita Kuu ya kwanza, ambayo iliwachukua vijana wengi wa Nyanza kuwa wapagazi, nao wengi wakafa kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Mwezi wa Desemba 1921, huko Lundha katika Gem, ulikutana mkutano uliozaa Young Kavirondo Association, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti, Benjamin Owuor Gumba karani, na Simeon Nyende mtunza fedha. Madai yao yalikuwa juu ya kodi, kipande, kazi ya kulazimishwa na haki ya ardhi. Mwaka wa 1923 Kasisi Owen wa Maseno, ambaye wazee wengi walimjua kwa jina la Archdeacon, aliwaongoza kukigeuza kuwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association, yaani chama cha ustawi wa walipa kodi.

Na hapa ndipo jibu la swali la mzee wetu lilipo. Chama kile kiliwataka wanachama waweke ahadi, na ahadi hizo hazikuwa za siasa: kuchimba choo cha shimo, kuua panya kwa ajili ya tauni, kutochafua chemchemi za maji, kupanda miti. Wako waliolalamika wakati ule, na wanahistoria waliolalamika baadaye, kwamba Owen aliwatoa watu katika madai ya ardhi akawapeleka kwenye vyoo na panya. Sisi twaona malalamiko hayo yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba Serikali ilifurahi kuona chama kinahesabu panya badala ya kuhesabu ekari. Lakini tauni haikumwuliza mtu kama amekwisha kupata hati ya shamba lake, na mama aliyezika watoto kwa kuhara alikuwa na dai lake pia. Basi tangu miaka ya 1920 chama cha ustawi katika nchi hii kimekuwa na shughuli na mambo ya afya, na asiyeamini na awaulize waliochimba mashimo hayo, kama bado yuko anayewakumbuka.

Mambo ya malale hayakuishia kwa babu zetu. Mwaka wa 1958 wataalamu Heisch, McMahon na Manson-Bahr walitangaza kwamba wamepata kimelea cha malale katika damu ya pongo aliyeuawa kando ya ziwa letu. Walijuaje kwamba ni kile kinachomdhuru mwanadamu? Darubini haikuweza kukitofautisha. Ilibidi damu iingizwe katika mtu aliyejitolea, naye akaugua, ndipo ikajulikana. Miaka sita baadaye, mwaka wa 1964, malale yalizuka Alego. Safari hii mbung'o hawakuwa ufukoni tu, bali waliingia katika vichaka vilivyo karibu na maboma ya watu. Onyango na wenzake van Hoeve na de Raadt wakafanya uchunguzi, na mwaka wa 1966 wakatangaza kwamba ng'ombe wa pale Alego walikuwa ghala la ugonjwa ule, yaani kimelea hukaa ndani ya mnyama anayeonekana mzima, kikingoja inzi wa kukipeleka kwa mwenye ng'ombe. Habari hiyo iliwaumiza wazee wengi, maana ng'ombe ndiye mahari, ndiye akiba, ndiye heshima ya boma. Lakini iliposadikiwa, kazi ya kutibu mifugo na kukata vichaka ikaanza kuwa na maana. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Kenya imeyaondoa malale yasiwe tena tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa humu nchini aliandikwa mwaka wa 2009.

Kuhusu ndui tutasema machache, ila mtu mmoja hatuwezi kumpita. Mwezi wa Oktoba 1977, katika mji wa Merka, Somalia, mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin aliugua ndui, naye akawa wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, naye hakuwa amechanjwa, kwa sababu, kama alivyokiri mwenyewe, aliogopa maumivu ya sindano. Akapona. Baadaye akajitoa kuwashawishi wazazi wakubali chanjo ya polio, akiwaeleza kosa lake mwenyewe, na katika kazi hiyo, mwaka wa 2013, alikufa kwa malaria.

Malaria ndiyo iliyobaki nasi. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliundwa mwaka wa 1979, na kituo chake cha Kisian, nje kidogo ya Kisumu, kimekuwa jirani yetu tangu zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wake pamoja na Wamarekani waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji zaidi ya 200 vya Asembo na Gem, nusu wakipewa kwanza na nusu wakingoja. Vifo vya watoto wadogo wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 16 hivi. Lakini lililotushangaza zaidi ni hili: hata boma lisilo na chandarua lilipata nafuu, ikiwa lilikuwa ndani ya mita 300 kutoka kwa jirani mwenye vyandarua, kwa kuwa mbu waliokufa kwa jirani hawakufika kwake. (Wako wavuvi waliotumia vyandarua kuanikia omena. Tunawajua, nao wanajijua.)

Kisha ikaja chanjo. Tangu mwaka wa 2009 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, na katika Kenya ilijaribiwa Kilifi, Siaya na Kombewa. Haikuwa kinga kamili, kwa maana watoto waliopata dozi zote nne waliugua pungufu kwa kiasi cha theluthi moja na kidogo. Wapo waliosema kwamba hiyo si kitu. Sisi tuliozika watoto twasema theluthi moja ni watoto wengi. Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo hiyo ilizinduliwa Homa Bay ili itolewe kwa watoto wa kaunti zetu za ziwa, na mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaikubali. Sasa hebu tufikiri ni nani aliyelibeba jambo hilo. Mama alikubali damu ya mtoto wake ipimwe. Muuguzi alilifungua sanduku la barafu alfajiri, na mhudumu wa kijiji akarudi mara ya nne katika boma lililomfukuza mara tatu.

Hatuna budi kutaja pia kipindupindu cha miaka ya 1997 na 1998, kwa sababu kilitugusa sisi wenye vyama vya mazishi. Katika Nyanza walilazwa wagonjwa zaidi ya 14,000 na wakafa zaidi ya 500. Wachunguzi walipouliza wagonjwa walikuwa wamefanya nini, waliona mambo matatu: kunywa maji ya ziwa, kula pamoja na mtu mwenye kuhara, na kuhudhuria karamu za matanga. Ni neno chungu kwetu. Mazishi ndiyo kazi yetu kubwa, na katika mazishi yaleyale tulikuwa tukiongeza mazishi mengine.

Tufike kwa watumishi wenyewe. Hospitali kubwa ya Kisumu, ambayo wazee hata leo huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969, siku iliyoishia kwa risasi na vilio, na wauguzi wake walianza kazi katika huzuni. Mwaka wa 2017 madaktari wa hospitali za Serikali walimaliza mgomo wa siku 100, na wauguzi wakagoma tangu Juni hadi Novemba. Wagonjwa wetu waliteseka, na wengine hawakurudi. Tuliwalaumu watumishi, na hatufichi. Lakini mwaka wa 2020 Korona ilipoingia nchini, ni walewale waliobaki wodini. Chanjo ilianza kutolewa mwezi wa Machi 2021, na watumishi wa afya walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Hata hivyo mwezi wa Juni mwaka ule ugonjwa ulivuma hapa ziwani kwa nguvu hata Serikali ikaweka masharti makali katika kaunti 13, watu wasitoke baada ya saa moja usiku. Mwanachama wetu mmoja, muuguzi, alituambia kwamba hofu ya kufa haikumlemea kama kule kurudi nyumbani asiweze kumshika mtoto wake, huku majirani wakimkwepa njiani. Wala hakupata mtu wa kumwuliza amelala vipi.

Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa na ahadi ya posho. Ahadi tuliisikia wote. Mama aliyeleta ombi lake katika mkutano wetu ni mmoja wao, na mkoba wake tumeuona.

Kwa hiyo Kamati inaleta pendekezo hili: kwamba sehemu moja ya kumi ya ada za kila mwezi itengwe katika mfuko wa pili, usiochanganywa na ule wa mazishi, kwa ajili ya mwanachama yeyote aliyeugua kwa sababu ya kuwahudumia wagonjwa, awe daktari, muuguzi, mfagiaji wa wodi au mhudumu wa kijiji, na kwamba katika matanga ya wanachama chama kinunue mapipa ya maji yenye bomba na sabuni kabla ya kununua ng'ombe. Mwekahazina amekwisha kufanya hesabu, nayo imebandikwa ukurasa unaofuata. Shauri litapigiwa kura katika mkutano mkuu ujao. Mwenye neno la kupinga au kuongeza alipeleke kwa katibu kwa maandishi, na mzee asiyeandika atatumiwa karani nyumbani kwake.