Tembe: Ngome ya Mkulima na Mfugaji

Wakoloni walipoandika historia ya ujenzi katika nchi yetu, walihesabu ngome za mawe za pwani na maboma yao wenyewe. Nyumba ya mkulima wa bara waliiita kibanda. Sisi hatuna budi kuitazama upya, maana nyumba ni zao la kazi, na kila zao la kazi hueleza uhusiano wa watu waliolitoa.

Ujenzi wake

Tembe ni nyumba ya nyanda za kati, hasa Ugogo na Unyamwezi. Miti husimikwa karibu karibu, hufungwa fito, kisha hukandikwa udongo. Paa ni bapa: boriti, fito, nyasi, na juu kabisa tabaka nene la udongo. Vyumba huzunguka ua, na migongo yake ndiyo ukuta wa nje. Madirisha hayapo. Usiku ng'ombe hulala uani, na ndama na mbuzi huweza kulala pamoja na watu.

Kila jambo hapo lina sababu ya kimaada. Mvua ni haba, kwa hiyo paa la udongo latosha, tena juu yake huanikwa nafaka. Mali kubwa ni mifugo, kwa hiyo mifugo hukaa katikati. Na katika karne ya 19 ulinzi ulikuwa suala la kufa na kupona. Wagogo walivamiwa na Wamasai na Wahehe waliotaka ng'ombe, na misafara ya pembe na watumwa ilipita kwao kati ya pwani na Tabora. Adui aliyekuja na moto alikuta paa lisilowaka upesi kama la nyasi tupu. Aliyekuja kuiba alikuta ukuta usio na tundu.

Ngome ya nani?

Lakini tusijidanganye kwamba kila tembe lilikuwa la wanyonge. Matajiri wa misafara nao walijenga matembe makubwa. Mwaka 1871, Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, Stanley alikuwa katika tembe la Kwihara, akaamuru kuta zitobolewe matundu ya bunduki. Umbo lilikuwa lile lile la nyumba ya mkulima. Lililobadilika ni mwenye nyumba na mali aliyoilinda. Ukuta hauna tabaka; aliye nyuma yake analo.

Mfano mkubwa ni Isike, mtemi wa Unyanyembe. Ngome yake karibu na Tabora iliwashinda Wajerumani mwaka 1892. Januari 1893 walirudi chini ya Tom von Prince, wakaingia. Isike alilipua ghala lake la baruti kuliko kukamatwa. Ushujaa wake hauna shaka. Hata hivyo, Unyanyembe ilikuwa imegawanyika, na wapinzani wa Isike katika ukoo wa utemi walikuwa upande wa mvamizi. Kuta nene hazizibi ufa wa siasa.

Baada ya ngome, kodi. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba. Nyumba iliyojengwa kuwazuia wanyang'anyi ikawa kipimo cha kumnyang'anya mwenyewe jasho lake.

Funzo kwetu

Hapa yafaa tujikosoe. Wakati wa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, na baadaye Operesheni Vijiji, wako makada waliolitaja tembe kama alama ya ujinga tu. Ni kweli kwamba tembe lina giza na moshi, na kulala na mifugo huleta maradhi. Hayo yalistahili kupigwa vita. Lakini kada asiyejua kwa nini mzee alijenga hivyo hawezi kumshawishi ajenge vingine. Atamwamrisha tu, na amri si elimu. Mzee aliyeambiwa ahame aliuliza swali la haki: huko niendako, ng'ombe wangu watalindwa na nani?

Jibu halikuwa ukuta mwingine, bali watu wenye umoja na usalama wa pamoja. Pale jibu hilo lilipokosekana, nyumba mpya ya bati haikumtosha.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kubomoa tuulize. Matembe yamebaki machache, na mafundi wake ni wazee. Wanafunzi wakae nao, wapime kuta, waandike majina ya miti. Kuijua kazi ya wazee wetu ni sehemu ya kujikomboa.