Mama, Mimi Mzima: Picha za Likoni na Zawadi za Leo

Wateja wanaokuja kwangu Mombasa kuchapisha sura ya mama kwenye kikombe au foronya hudhani zawadi hii imeletwa na kompyuta. Mimi ni binti wa mpiga picha wa Likoni, na najua ina nasaba ndefu hapa pwani.

Mwishoni mwa karne ya 19, A. C. Gomes, Mgoa, alikuwa na studio yake Unguja. Wasafiri walinunua kadi za posta zenye picha za watu wa pwani wakazipeleka kwa jamaa zao Ulaya. Kadi nyingi hazikutaja jina la aliyepigwa. Ziliandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili, basi. Sura ya mtoto wa huku ikawa zawadi ya mama wa kule.

Polepole picha zikarudi kwa wenyewe. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja, na katika miaka ya 1940 N. V. Parekh akafungua yake Mombasa. Watu walivaa wakapendeza wakaenda kupigwa picha za kuwekwa ukutani na kutumiwa ndugu. Lamu, kuanzia miaka ya 1960, Omar Said Bakor, aliyejifunza kazi mwenyewe, alikata sura za watu akazipandikiza ndani ya picha nyingine, kisha akaipiga upya kazi nzima. Mkasi na kamera vilimtosha. Mimi kazi yangu naihesabu kuanzia kwake.

Miaka ya 1980 maabara za picha za rangi zilienea mijini, na mwenye kamera ndogo akaweza kujiajiri bila chumba cha giza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapiga picha, wengi wao watu wa bara, walikuwa wamejenga vibanda karibu na kivuko cha feri cha Likoni. Baba yangu, aliyetoka Kakamega, alikuwa mmoja wao. Nyuma ya mteja palitundikwa pazia lililochorwa meli na ndege, na kando yake maua ya plastiki. Jumapili walikuja vibarua wa bandarini, walinzi na wasichana wa kazi za nyumbani.

Baba alimuuliza kila mmoja, "Hii inakwenda kwa nani?" Jibu likiwa "kwa mama," alimvua kofia ili uso usipate kivuli, akarudi nyuma hatua mbili mpaka viatu vionekane. Aliamini kwamba mama wa kijijini hutazama kwanza kama mwanawe amekonda, kisha hutazama miguuni. Filamu ilikuwa ya picha 36, na mteja alisubiri ziishe ndipo ipelekwe mjini kusafishwa. Mgongoni mwa picha waliandika jina, tarehe na maneno machache: "Mama, mimi mzima." Asiyejua kuandika alimtajia baba, naye akamwandikia. Bahasha ilisafiri kwa posta au kwa mkono wa kondakta wa basi la usiku.

Agosti 1997 ghasia zilizuka Likoni. Watu waliuawa, na maelfu, wengi wao wa kutoka bara, wakayakimbia makazi yao. Baba alisema kwamba baada ya hapo watu walikuwa wakimkumbusha wenyewe asisahau tarehe. Mama aliyesikia habari za Likoni redioni alitaka kuona mwanawe amesimama kwa miguu yake, na siku iwe imeandikwa.

Siku hizi mimi nachapa picha kwenye karatasi maalumu, ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. Naifunga kwenye kikombe chenye utando na kukibana ndani ya mashine ya joto, nyuzi 180 au zaidi, kwa dakika chache. Wino hugeuka mvuke ukaingia ndani ya utando, na hata kikioshwa kila siku picha haibanduki. Mashine hii naipenda, lakini naona zawadi yenyewe imegeuka. Zamani sura ya mtoto ilikwenda kwa mama. Leo wengi huniletea sura ya mama peke yake, imelainishwa kwa simu hadi mikunjo yote imefutika.

Nia yao ni njema, na mama anastahili heshima hiyo. Lakini uso wake anaujua. Anayemkosa ni mtoto aliye mbali, awe Nairobi au Doha. Kwa hiyo nawaomba wateja wanipe picha ambayo mama na mwanawe wamo pamoja, na wamwache mama na mikunjo yake. Kuandika jina, mahali na mwaka silipishi, na kikombe hakitoki dukani kwangu kabla sijayauliza hayo matatu.